Mijadala ya siasa vyuoni: Ni nani ashikaye mizani?

Huko Magogoni, wadi mojawapo kati ya saba zinazounda eneobunge la Kisauni mjini Mombasa, siasa haingoji mwaliko. Hujadiliwa barazani baada ya swala ya Isha, penye wauza kahawa, na ndani ya matatu zinazovuka daraja la Nyali kila alfajiri kuelekea kisiwani. Hapo kila msemaji hufahamika. Huyu ni mfuasi wa chama fulani, yule alimpigia kampeni diwani aliyeshindwa, na mwingine ana mgogoro wa shamba ambao umedumu tangu enzi za babu yake. Msikilizaji huyapima maneno kwa kumtazama anayeyasema, na si rahisi kumlaghai.

Mambo hubadilika pindi mazungumzo yayo hayo yanapohamia katika ukumbi wa chuo kikuu. Nembo iliyo ukutani, cheo cha profesa na kamera za televisheni huipa hoja uzito ambao baraza haliwezi kuupa. Kauli iliyotolewa chuoni hunukuliwa magazetini, hutajwa bungeni na huingia katika ripoti za tume. Kwa hiyo, iwapo mjadala wa chuo umeegemea upande mmoja kuhusu ardhi ya Pwani au ajira za bandarini, athari yake humfikia hata mkazi wa Magogoni ambaye hajawahi kukanyaga chuo chochote.

Lawama kwamba vyuo hupendelea upande fulani katika mijadala ya siasa si ngeni Afrika Mashariki. Kilicho kigumu ni kuipima lawama hiyo. Wengi hutumia kipimo chepesi mno: huhesabu viti jukwaani. Wakiona wawili wa serikali na wawili wa upinzani, hutangaza kwamba pana usawa. Wakimwona mmoja peke yake, hutangaza kwamba pana upendeleo. Kipimo hicho ni kibovu, na ushahidi wa ubovu wake uko katika ukumbi mmoja jijini Nairobi.

Julai 24, 2017, mdahalo wa wagombeaji urais uliandaliwa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, maarufu kama CUEA. Rais Uhuru Kenyatta hakufika. Chama chake cha Jubilee kilikuwa kimelalamika kwamba hakikushauriwa kuhusu utaratibu. Mpinzani wake mkuu, marehemu Raila Odinga, ambaye kambi yake pia ilikuwa imetoa masharti awali, alitokea na kujibu maswali akiwa peke yake. Miaka mitano baadaye, Julai 26, 2022, mambo yaligeuka. Katika chuo kicho hicho, Odinga ndiye aliyesusia na William Ruto, wakati huo akiwa naibu wa rais, ndiye aliyesimama peke yake. Jioni hiyo Odinga alifanya mkutano wake wa maswali na majibu katika ukumbi wa Jericho, upande mwingine wa jiji.

Je, chuo hicho kilimpendelea Odinga mwaka 2017 na kumpendelea Ruto mwaka 2022? Hakuna mtu makini anayeweza kudai hivyo. Mwaliko ulitolewa kwa pande zote na mmoja akaamua kutokuja. Lau mdahalo ungefutwa kwa sababu hiyo, aliyekataa kuja angekuwa amepewa uwezo wa kumnyamazisha aliyekubali. Kiti kitupu, basi, si dalili ya upendeleo mradi kiliandaliwa kwa nia njema na umma ukaelezwa kwa nini hakikukaliwa.

Ni muhimu pia kutambua kwamba mara zote mbili chuo kilitoa ukumbi tu. Waandalizi walikuwa vyombo vya habari. Tofauti hiyo husahauliwa mara kwa mara na wasomaji, na pengine hata na wakuu wa vyuo. Kuna chuo kinachokodisha ukumbi, kuna chuo kinachoandaa kongamano kwa jina lake, na kuna idara, au chama cha wanafunzi, kinachomwalika mgeni. Wajibu wao haulingani. Mwenye ukumbi anapaswa kuwakodishia wote kwa masharti sawa. Mwandalizi ana mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa ndiye anayechagua mada, wasemaji na msimamizi. Chama cha wanafunzi kwa upande wake kina haki ya kumwalika kimpendaye bila kulazimika kumtafuta wa kumpinga, ilimradi vyama vingine navyo havinyimwi nafasi ya aina hiyo.

Mdahalo wa 2022 ulifichua jambo jingine. Kabla ya kukubali kufika, kambi ya Ruto ilitaka muda wa kutosha utengwe kwa kilimo, biashara ndogondogo, afya na mengine yaliyokuwa kiini cha kampeni yake, ikidai kwamba vyombo vya habari vilikuwa vimeegemea upande wa mpinzani wake. Kambi ya Odinga nayo ilisema mgombeaji wao hangepanda jukwaa moja na mtu asiyejali maadili. Kwa maneno mengine, ilitaka mazungumzo yawe juu ya uadilifu. Wakubwa hao hawakugombania dakika wala viti. Kila mmoja alijua kwamba anayechagua swali ameshinda nusu ya mdahalo kabla haujaanza.

Papo hapo, wagombeaji wengine wawili walikuwa wametengewa kikao chao cha mapema kwa kuwa kura za maoni hazikuwapa asilimia 5 iliyowekwa kuwa kigezo. Profesa George Wajackoyah alifika chuoni, akakataa kushiriki kwa kuwa alitaka kujadiliana na wote, kisha akaondoka. David Mwaure akabaki peke yake. Mwaka 2013, mdahalo wa kwanza wa aina hiyo ulipofanyika katika shule ya Brookhouse, wakili Paul Muite alikimbilia mahakamani alipoachwa nje, na hatimaye wagombeaji wote 8 walisimama jukwaani. Kigezo cha kura za maoni kina mantiki, kwani wagombeaji 8 wakipewa saa mbili ni vigumu mmoja kuhojiwa kwa kina. Hata hivyo, kina kasoro ya kujizungusha: mgombeaji hajulikani kwa sababu haonekani, na haonekani kwa sababu hajulikani. Angalau kigezo kinapotangazwa mapema, kila mtu hujua alikwama wapi.

Upendeleo mkubwa zaidi katika historia ya vyuo vya eneo hili haukuwa wa kuwaalika watu wa upande mmoja. Ulikuwa wa kumzuia mtu asiingie kabisa. Januari 1969, wanafunzi wa Chuo cha Nairobi, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walimwalika Jaramogi Oginga Odinga awahutubie. Jaramogi alikuwa makamu wa rais hadi mwaka 1966 alipojiuzulu na kuongoza chama cha upinzani cha Kenya People's Union. Hotuba ilikatazwa, wanafunzi wakasusia masomo, na chuo kikafungwa. Kabla ya mwaka huo kwisha chama chenyewe kilipigwa marufuku na kiongozi wake akatiwa kizuizini.

Ilikuwa vigumu kwa chuo kufanya vinginevyo katika mfumo uliokuwepo na uliodumu kwa miongo kadhaa baadaye. Rais wa nchi ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vikuu vya umma. Mkuu wa chuo aliyefikiria kumpa mkosoaji wa serikali jukwaa alijua fika kwamba mwenye nyumba ni yule yule anayekosolewa. Desturi hiyo ilikoma mwaka 2003, Rais Mwai Kibaki alipoachia wadhifa huo na kuwateua watu wengine. Mmoja wa walioteuliwa alikuwa mwana wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, aliyepewa uchansela wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Uteuzi huo ulikuwa na kinaya chake, kwa maana Mazrui alipoondoka Makerere katika miaka ya sabini, wakati wa utawala wa Idi Amin, hakupata nafasi ya kufundisha katika vyuo vya nchi yake mwenyewe.

Jina la Mazrui linastahili kutajwa kwa sababu nyingine. Mwaka 1970 akiwa Makerere alijadiliana hadharani na Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam. Mmoja alikuwa mliberali, mwingine mfuasi wa Marx, na hakuna aliyejificha nyuma ya lugha ya kutopendelea. Wasikilizaji walijua msimamo wa kila mmoja tangu dakika ya kwanza. Usawa wa mjadala ule haukutokana na wasemaji kuwa watu wasio na upande. Ulitokana na kila upande kupata mtetezi mwenye uwezo wa kuutetea. Kongamano nyingi za siku hizi hutimiza sharti la pande mbili kwa kumweka gwiji upande mmoja na mtu dhaifu upande wa pili, na idadi ya viti haiwezi kumwonyesha msomaji hila hiyo.

Kuhusu Dar es Salaam, Wakenya wengi waliosoma miaka hiyo huutaja Mlima kama kielelezo cha uhuru wa mawazo, na kwa kiasi fulani wana haki. Mijadala ya Mlimani ilikuwa mikali, na iliwakutanisha wapigania uhuru kutoka pande zote za bara. Lakini ulikuwa ukali wa ndani ya nyumba moja. Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja tangu 1965, na mabishano yalikuwa juu ya ujamaa wa aina gani, mara chache juu ya kama ujamaa wenyewe ulifaa. Hata waliokuwa upande wa kushoto zaidi ya serikali walifikia ukomo. Novemba 1970 chama cha wanafunzi wanamapinduzi, kilichowahi kuongozwa na Yoweri Museveni, kilivunjwa pamoja na jarida lake, Cheche. Wasemaji kumi wanaweza kugombana usiku kucha ilhali wote wamesimama upande mmoja wa mto.

Huku Pwani, mto huo una kingo nyingi. Chukua suala la mwambao wa maili kumi. Kwa mkataba wa 1895 Uingereza ilipata kuutawala mwambao kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1961 Sir James Robertson, aliyetumwa kuchunguza hatima yake, alipendekeza uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waliokuwa mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, waliwekeana ahadi. Sultani aliachia mamlaka yake, na Kenya ikaahidi miongoni mwa mengine kuhifadhi mahakama za kadhi na kuziheshimu hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa.

Vuguvugu la Mombasa Republican Council, MRC, lilisimamisha madai yake juu ya mikataba hiyo na kuieneza kauli ya "Pwani si Kenya". Serikali ilililipiga marufuku Oktoba 2010 pamoja na makundi mengine zaidi ya 30. Mahakama Kuu ya Mombasa iliiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Baina ya tarehe hizo mbili, na hata baadaye, chuo chochote kilichotaka kuwaalika wanahistoria na wanasheria waujadili mkataba wa 1963 kilikabiliwa na kitendawili: bila kumwalika anayeamini madai hayo, mjadala ungekuwa wa upande mmoja, na kwa kumwalika, chuo kingeweza kuambiwa kinawapa jukwaa wachochezi.

Wepesi wa kukwepa kitendawili hicho ni kutoandaa chochote. Wakuu wengi wa taasisi hukuita huko kutoegemea upande wowote. Lakini katika suala ambalo serikali tayari imelitolea uamuzi, kunyamaza hakuziachi pande zote mahali sawa. Serikali ina redio, ina vikao na wanahabari, ina maafisa wa utawala katika kila lokesheni. Anayepoteza ukumbi wa chuo ni yule asiye na ukumbi mwingine. Naye hatanyamaza, atahamia pahali ambapo hakuna mtu wa kumpinga kwa ushahidi. Novemba 2014 polisi walipovamia misikiti kadhaa ya Mombasa, ikiwemo ya Swafaa na Minaa huko Kisauni, wakidai ilitumiwa kuwapotosha vijana, na misikiti hiyo ikafungwa kwa muda, wengi walijadili polisi na dini. Ni wachache waliouliza ni wapi pengine kijana wa Kisauni angeweza kulileta lalamiko lake la kisiasa likajibiwa kwa hoja.

Kasoro ya kufikiri kwa "pande mbili" huonekana wazi zaidi katika suala la ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya mwambao wajitokeze na kuyathibitisha. Waliokuwa na nyaraka, au waliozielewa taratibu za wakoloni, walipata hati. Wengi, hasa miongoni mwa Wamijikenda, waliachwa nje wakageuka kuwa maskwota juu ya ardhi waliyoilima. Kwa hiyo ile ahadi ya 1963 ya kuziheshimu hati zilizosajiliwa, ambayo kwa mwenye hati ni ngao, kwa skwota ni ukuta. Watu wawili wa Pwani, wote wakitamka "haki za Wapwani", wanaweza kumaanisha mambo yanayopingana kabisa.

Kongamano la chuo likiweka kiti kimoja cha "serikali" na kimoja cha "wenyeji", tayari limeufuta mgogoro ulio mkubwa zaidi, ule wa wenyeji wao kwa wao. Panahitajika mwenye hati, skwota, mnunuzi aliyetoka bara akalipa fedha halali kwa muuzaji asiye halali, afisa wa ardhi, na mwanahistoria. Watu watano, wala si lazima wapewe dakika sawa. Mwanahistoria anaweza kuhitaji nusu saa kueleza mwaka 1908 ulivyokuwa, na skwota akahitaji dakika tano kueleza anakoishi. Kuwapa wote dakika kumi kumi ni usawa wa saa tu.

Nje ya bara hili, suala hili limezua misimamo miwili inayostahili kufahamika. Mwaka 1967, Vita vya Vietnam vikiwa vimewagawanya Wamarekani, kamati ya Chuo Kikuu cha Chicago iliyoongozwa na mwanasheria Harry Kalven ilishauri kwamba wakosoaji ni maprofesa na wanafunzi mmoja mmoja, na kwamba chuo chenyewe kama taasisi kisitoe msimamo wa kisiasa ila katika hali za pekee. Faida yake ni kwamba mkuu wa chuo hana sababu ya kumwogopa mgeni yeyote, kwa kuwa maneno ya mgeni hayahesabiwi kuwa ya chuo. Hasara yake ilionekana chuo hicho kilipokataa kuondoa uwekezaji wake katika kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Kwa Mwafrika, kutoegemea upande kwa namna hiyo kulikuwa na ladha chungu.

Uingereza ilichukua njia ya sheria. Tangu mwaka 1986 vyuo vyake vimekuwa na wajibu wa kisheria wa kulinda uhuru wa kusema wa wanachuo na wa wageni, ikiwemo kutomnyima mtu ukumbi kwa sababu ya imani au maoni yake. Ajabu ni kwamba wajibu wa kusawazisha pande za siasa umewekewa shule za watoto. Mwalimu wa shule hutakiwa awape watoto maoni yanayopingana kwa usawa, kwa kuwa mtoto hana namna ya kuyatafuta mwenyewe. Mwanachuo huhesabiwa kuwa mtu mzima. Anachodai ni mlango usiofungwa, si mlezi wa kumpimia.

Sheria ya Kenya inakaribiana na wazo hilo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinaulinda uhuru wa kujieleza na kuutaja kwa jina uhuru wa kitaaluma, kisha kinaondoa katika ulinzi huo propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Ndani ya mipaka hiyo, hakuna kifungu kinachokiamuru chuo kimwalike mpinzani wa kila mgeni. Wanaosema kwamba mhadhara wa mwanasiasa mmoja "ni kinyume cha sheria kwa kuwa hauna upande wa pili" wanakosea. Mikutano ya hadhara nayo huhitaji kutangaziwa polisi kati ya siku 3 na 14 kabla, na kuarifu si kuomba ruhusa, ingawa wasimamizi wengi wa kumbi huzungumza kana kwamba ni jambo moja.

Fedha nazo husema. Suala la reli ya kisasa ni mfano wa karibu na nyoyo za watu wa Mombasa. Agizo la kwamba makasha yasafirishwe kwa reli hadi Nairobi liliwaathiri madereva wa malori, wenye maghala, mafundi na mama lishe waliowalisha. Mwaka 2019 wakazi waliandamana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ombi la serikali ya kaunti ya Mombasa, walitoa ripoti iliyoonyesha hasara kwa uchumi wa kaunti. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ililibatilisha agizo hilo, na Septemba 2022 Rais Ruto, siku alipoapishwa, akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zingerejeshwa bandarini.

Kwa kuwa kaunti ilikuwa upande mmoja wa mgogoro, aliyetaka kuipuuza ripoti hiyo angeweza kusema imelipiwa na mlalamishi. Hoja hiyo ni nusu ya haki. Aliyelipa anapaswa kutajwa ukurasa wa kwanza, na katika kongamano anapaswa kutajwa kabla msemaji hajafungua kinywa. Ila kutajwa kwa mlipaji hakuzigeuzi hesabu kuwa za uongo. Kazi ya chuo ni kumpa mwakilishi wa shirika la reli nafasi na takwimu zilezile, azikosoe mbele ya watu.

Msomaji anayealikwa kwenye kongamano la chuo anaweza kuyaona mengi bila kuwa mtaalamu. Na atazame kwanza jina la mada. Kikao kinachoitwa "Tishio la kujitenga kwa Pwani" kimekwisha kutoa hukumu, na kadhalika kinachoitwa "Uporaji wa haki za Wapwani". Kinachouliza "Mkataba wa 1963 ulisema nini?" kimeacha nafasi ya kubishana. Kisha atazame ni nani msimamizi, na kama maswali ya ukumbini yanasomwa yalivyoandikwa au yanachujwa na mtu asiyejulikana nyuma ya pazia. Hapo ndipo mizani huchezewa mara nyingi, na hakuna kamera inayoelekezwa huko.

Lipo pia suala la lugha, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, makongamano mengi ya vyuo kuhusu ardhi, bandari na usalama wa Pwani huendeshwa kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho. Skwota aliyealikwa kama "sauti ya jamii" husubiri saa tatu asikie asichokielewa vyema, kisha huambiwa atoe maoni kwa ufupi. Jukwaani pande zote zinaonekana kuwepo. Katika mazungumzo yenyewe upande mmoja haukuwepo.

Umbali nao una upande wake. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, kisiwani. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa takriban kilomita 60 kwa barabara ya Malindi. Vyote viwili vilipata hati ya kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2013, na kabla ya hapo mjadala wa kiwango hicho juu ya Pwani kwa kawaida ulifanyika Nairobi. Kwa mkazi wa Magogoni, Tudor si mbali, nauli ya matatu inatosha. Lakini kikao kikipangwa saa tatu asubuhi siku ya kazi, fundi na mchuuzi hawatakuwepo, na wanaoishi kwa marupurupu ya semina hawatakosa.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 2027. Vyuo vitaombwa kumbi, wanafunzi watawaalika wagombeaji, na malalamiko ya upendeleo yatakuja kutoka kila kambi. Chuo kinachotaka kuwa na la kujibu kinaweza kuziandika kanuni zake sasa, kabla majina ya wagombeaji hayajajulikana: nani hualikwa na kwa kigezo gani, barua hutumwa siku ngapi kabla, asiyekuja hutangazwaje, nani hulipa, maswali huchaguliwa vipi, na lugha ni ipi. Kanuni hizo zikiandikwa baada ya barua ya kwanza ya mwanasiasa kufika mezani, haitajalisha ni za haki kiasi gani. Kila atakayezisoma atatafuta ndani yake jina la mtu.